Saa ya springi ya laki na nusu kwa baba anayestaafu: inafaa pesa hiyo?

Binti wa Kisauni

Assalaam aleikum. Naomba ushauri wa wanaozijua saa kwa ndani, si bei zake tu.

Babangu anastaafu bandarini mwisho wa mwaka. Ni opareta wa kreni pale Kilindini, Mombasa, kazi ya zamu, usiku kwa mchana, na sisi watoto wake wanne tumekubaliana tumpe zawadi moja ya maana badala ya kila mmoja kuja na kanzu yake. Kaka yetu mkubwa aliye Doha ameshikilia iwe saa, tena ya Uswizi, ile ya springi inayojijaza yenyewe mkono unapotembea. Tumechanga mpaka tumefika shilingi 150,000, na kaka anasema akiongeza kidogo tutapata kitu ambacho baba atakivaa umri wake wote na mjukuu aje akirithi.

Mimi moyo wangu haujatulia. Tangu nimjue baba anavaa Casio nyeusi ya plastiki, ile nyembamba ya mraba. Mkanda ukikatika anatia mwengine, betri ikifa anatia nyengine, maisha yanaendelea. Anatawadha nayo, anaoga nayo, na akipata siku ya mapumziko anakwenda nayo kuvua mshipi na wenzake. Mtu wa makuu siye. Dhahabu havai, kwa hiyo hata iliyopakwa rangi yake haingii nyumbani.

Nataka kujua mambo mawili. Pesa zote hizo za saa ya springi zinakwenda wapi hasa, ikiwa ya shilingi elfu mbili inaonyesha wakati ule ule? Na je, mtu kama babangu, katika mji huu wa joto na chumvi, itamfaa au itamtia wasiwasi wa kuitunza? Sitaki tumpe mzigo tukauita zawadi.

Mvukaji wa Likoni

Waaleikum salaam dada. Mimi navuka feri asubuhi na jioni, na nakwambia kwa mapenzi: laki na nusu mkononi katika msongamano ule ni kumtafutia mzee balaa. Wanaotazama mikono ya watu wanazijua saa kuliko sisi. Simu iko mfukoni, inajirekebisha yenyewe. Pesa hizo ni tangi kubwa la maji, pampu na fundi wa kuiunga, na huko Kisauni mnajua wenyewe mfereji unavyokaa bila tone. Tangi hilo litamfaa baba kila siku ya kustaafu kwake.

Mkusanyaji wa Ganjoni

Kwa heshima, mwenzangu wa Likoni amejibu swali jengine. Dada ameuliza kuhusu saa.

Ninayo moja ya Uswizi, niliinunua kwa akiba ya muda mrefu, na kila nikiigeuza nikatazama kupitia kioo cha nyuma, nafurahi. Hakuna betri wala programu ya kusasisha. Ni chuma, shaba na springi, na kanuni ya mwendo wake mafundi waliibuni tangu karne ya 18. Zile za juu kabisa, kingo za vipande vya ndani husuguliwa kwa mkono, na hatua ya mwisho hung'arishwa kwa kijiti cha mmea wa gentiana unaoota milimani Ulaya. Mtu anakaa siku nzima juu ya kipande ambacho mvaaji huenda asikione maishani. Mimi naiona thamani katika hilo, na sioni haya kuilipia. Kaka yako Doha si mjinga.

Fundi wa Veranda

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu. Mungu amjaalie mzee mapumziko ya kheri. Kazi ya kukaa juu ya kreni usiku kucha wanaijua walioifanya.

Mimi ni fundi saa. Ami yangu ndiye aliyenifunza, kwenye veranda hii hii ya Mji wa Kale ninayokaa mpaka leo, na vibano vyake bado navitumia. Nitajibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linanigusa: naona watu wananunua saa kwa jina, kisha wananiletea imekufa, na sina la kuwafanyia.

Tuanze na usahihi, tuumalize. Ndani ya Casio ya babako mna kijiwe cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Ndani ya saa ya springi mna gurudumu dogo linalokwenda huku na huku, na zilizo nyingi hupiga mara 6 au 8 kwa sekunde. Casio ile hukosea nusu dakika kwa mwezi, ikizidi. Saa ya Uswizi iliyopimwa na COSC, taasisi ya huko ya kupima usahihi wa saa, ikapewa cheti cha kronomita, yaani saa ya usahihi, inaruhusiwa kubaki nyuma sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Kwa siku, mwanangu, si kwa mwezi. Rolex wamejiwekea mpaka wa sekunde 2 mbele au 2 nyuma kwa siku, na hiyo kwa chuma na springi ni kazi ya kuvuliwa kofia, lakini mwezi ukiisha inaweza kuwa imefika dakika nzima. Anayekwambia mnunue saa ghali ili mzee asichelewe, hajui anachosema.

Basi pesa zinakwenda wapi? Lazima nirudi nyuma kidogo. Zamani saa ya springi haikuwa anasa. Ilikuwa saa, basi, hapakuwa na nyengine. Ami yangu alitengeneza za makarani wa forodha, za walimu, za makuli. Tarehe 25 Disemba 1969 Seiko wakaanza kuuza Tokyo saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, Astron, kwa yeni 450,000, bei ya motokaa ndogo wakati ule. Haikuchukua miaka mingi ufundi ule ukawa rahisi kabisa, na Uswizi ikapigwa pigo kubwa. Mwaka 1970 watu kama 90,000 walikuwa wakila kwa kazi ya saa nchini humo. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi moja. Waliosalimika kwenye saa za springi walielewa kwamba hawamwezi Mjapani kwa bei wala kwa usahihi, wakageuza biashara. Wakawa wanauza ufundi, jina na hadhi. Bei mnazoziona leo zimetoka hapo. Springi yenyewe haijawa lulu.

Nikifungua saa ya Kijapani ya shilingi 40,000 naona vipande vilivyokatwa na mashine, vimepangwa sawasawa, vinafanya kazi. Nikifungua ya Uswizi ya laki tatu naona tofauti ya kweli: skrubu zimeng'arishwa, gurudumu la mwendo limesawazishwa kwa makini, kioo ni yakuti ya kutengenezwa ambayo funguo na sarafu za mfukoni haziikwaruzi, na bangili haina kingo za kukata ngozi. Hiyo ni kazi ya watu na ina haki ya kulipwa. Lakini kutoka laki tatu kwenda milioni na nusu, ndani hakuwi bora mara tano. Hapo mnalipia jina lililoandikwa usoni na foleni ya wanaolitaka. Mkusanyaji wa Ganjoni amesema kweli kuhusu kingo na kile kijiti, nami naipenda kazi hiyo kuliko anavyodhani, ila saa zinazofanyiwa hivyo ziko mbali sana na laki na nusu. Kwa pesa yenu hamtapewa kijiti, mtapewa mashine.

Sasa lililo kubwa, na nawaomba nyinyi ndugu wanne mkae mlijibu kabla ya kulipa: nani ataifungua saa hii miaka saba ijayo?

Saa ya springi ina mafuta ndani, matone madogo mno, kwenye ncha za magurudumu zinapozunguka ndani ya vito. Vito hivyo ni yakuti za kiwandani, havina bei ya sonara, kwa hiyo msibabaishwe na muuzaji anayetangaza vito 21. Kazi yake ni kupunguza msuguano. Mafuta hayo hukauka. Jahazi lisilopakwa sifa, yale mafuta ya papa, mbao zake hukauka zikaachana, na saa iliyokaukiwa chuma hula chuma, tofauti ni kuwa jahazi linavuja ukaona, saa inaendelea kutembea huku inajisaga. Omega wanashauri ifanyiwe huduma kila miaka 5 mpaka 8, Rolex karibu kila miaka 10. Kwa jasho letu na upepo wa chumvi mimi nasema mipira ya kuzuia maji itazamwe kila mwaka, maana ikishaliwa, unyevu unaingia na kutu inaanza kwenye kigingi cha kile kifundo cha kutilia ufunguo. Hapo ndipo saa nyingi za pwani zinapofia. Nimefungua za bei kubwa nikakuta kigingi kimekuwa unga mwekundu.

Huduma inataka vipuri, na hapa watu wengi hawaambiwi ukweli dukani. Swatch Group, wenye Omega, Longines na Tissot, waliacha kuwauzia vipuri wauzaji wa jumla mwisho wa 2015. Vya Rolex huenda kwa mafundi waliowaidhinisha wenyewe. Mali ni yao, sitawalaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba fundi wa mtaani, hata awe na mkono wa namna gani, hapati kipande cha asili kwa njia ya halali. Mzee atalazimika kuituma mbali na mji huu, asubiri, na malipo ya huduma moja yanaweza kupita bei ya saa nzima ya Kijapani. Mtu wa pensheni, mwanangu. Ataitia kabatini, aone haya kuwaambia.

Kwa upande wa pili ziko mashine ambazo mafundi duniani kote wanazijua kwa kugusa. Za Seiko za familia ya 4R, na NH35 ambayo ni ndugu yake inayouzwa kwa watengenezaji wengine. Miyota 8215 ya Citizen. Kwa Uswizi, Sellita SW200, iliyoundwa kwa kufuata mashine nyengine ya Uswizi, ETA 2824. Hizo vipuri vyake ninavyo kwenye droo, na kukiharibika kabisa natoa mashine nzima natia mpya, saa inarudi kwa mwenyewe wiki hiyo hiyo. Ziko pia mashine mpya za Uswizi za bei ya kati ambazo baadhi ya vipande vya ndani ni vya plastiki na mwendo wake umerekebishwa kiwandani kwa leza. Zinatembea vizuri, hukaa mpaka saa 80 bila kuvaliwa. Lakini hazikukusudiwa kutengenezwa mezani, zimekusudiwa kung'olewa na kubadilishwa. Kuitoza familia laki moja kwa kitu cha namna hiyo na kuiambia ni cha kurithiwa, kwangu si haki.

Kuhusu udhu. Iliyoandikwa mita 30 si ya kuzamia mita 30. Ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia kwenye chombo cha kupimia. Kwa maji ya kutawadha inatosha ikiwa mpya, kwa kuogelea haifai. Tafuteni mita 100, ikiwezekana yenye kifundo cha kukazwa kwa kuzungushwa. Na kwenye mshipi, katika maji ya chumvi na ndoana, aendelee na Casio yake. Ile haijapata kushindwa.

Kwa hiyo rai yangu: msizidishe shilingi 60,000. Chukueni ya Kijapani ya chuma kitupu, ya kujijaza, uso mpana wenye akrabu nene, maana macho ya mzee hayarudi nyuma. Seiko hutoa kwa ajili ya soko la Waarabu zile ambazo siku ya juma imeandikwa kwa Kiarabu, na kaka yenu yuko Doha, mahali pake khasa. Mashine za namna hiyo zinakaa kama saa 41 zikivuliwa, kwa hiyo akilala nayo mezani usiku haitasimama. Kutoka dukani inaweza kutangulia sekunde kumi na tano au ishirini kwa siku. Niletewe, nitaishusha. Pesa nyengine wekeni shilingi elfu kumi kando kwa huduma mbili, na hilo tangi la ndugu wa Likoni, wallahi, ni wazo jema. Kwa kuzisafisha na kuzitia mafuta saa kama hizo mimi natoza 3,500 mpaka 5,000 kulingana na hali yake.

Tena jambo moja, wengi halijawafikia. Asiilaze juu ya simu wala spika, wala mkoba wenye kufuli ya sumaku. Ndani mna springi nyembamba kuliko unywele iliyojiviringa, na ikipata sumaku mizunguko yake hushikana, saa ikaanza kukimbia dakika nzima na zaidi kwa siku. Watu hudhani imeharibika, na tiba yake ni sekunde chache kwenye kifaa cha kuondoa sumaku. Asikubali kutozwa maelfu kwa hilo.

Baharia Mstaafu

Fundi amenena, nami naunga mkono bei aliyotaja. Nitamsahihisha mahali pamoja tu, kwa adabu, kwa sababu nilikuwa afisa wa sitaha melini na saa zilikuwa sehemu ya kazi yangu.

Kukosea sekunde si kasoro ikiwa saa inakosea kwa kiasi kile kile kila siku. Baharini, kabla ya setilaiti, saa ndiyo iliyotuonyesha meli iko umbali gani mashariki au magharibi, na sekunde 4 za makosa hapa karibu na ikweta zilikuwa maili moja ya bahari. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja, pigeni hesabu mtaona. Mwingereza John Harrison alihangaika sehemu kubwa ya maisha yake na tatizo hilo, na saa yake ya nne ilipopelekwa Jamaika katika safari iliyoanza 1761 ilipotea sekunde 5 tu katika siku 81. Lakini kronomita za meli zilizofuata hazikuwa zikirekebishwa kila ilipotokea tofauti. Ziliachwa. Afisa aliandika daftarini mwendo wake: leo imetangulia sekunde moja na nusu, kesho vile vile, na hesabu ya mahali pa meli ikafanywa kwa kuiondoa tofauti hiyo. Iliyoaminika ni ile yenye tabia isiyobadilika.

Nami saa yangu ya mkononi naijua tabia. Ni Seiko niliyoinunua Yokohama, ya kujijaza, na haikuwa ghali. Usiku nikiilaza chali inatangulia, nikiisimamisha kwa ubavu, kifundo juu, inapunguza mwendo. Kwa hiyo naichagulia kulala kwake kulingana na ilivyoamka. Kila fundi atawaambia hilo ni kweli, mvutano wa ardhi unaligusa lile gurudumu kila mkao kwa namna yake. Saa ya kwatzi haina haja na wewe. Hii ina haja. Kwa mtu aliyezoea zamu, ving'ora na redio ya kreni, ghafla asubuhi haina anayemwita, mimi naona springi itamfaa kuliko betri. Si kwa sababu ya thamani yake ya pesa. Kwa sababu ni mashine, na babako ameishi na mashine.

Mkipenda, mwambieni pia hili. Mombasa iko karibu digrii 39 na dakika 40 mashariki, na saa zetu zimepangwa kwa digrii 45. Ndiyo maana jua linapita utosini, kwa wastani wa mwaka, yapata saa sita na dakika 21 mchana, wala si saa sita kamili. Kuna wakati wa mwaka linawahi na wakati linachelewa, robo saa hivi kila upande. Mzee mwenye saa nzuri, kijiti kilichosimama wima uani na nafasi ya kutosha anaweza kulifuatilia mwenyewe kwa kivuli. Mimi hulifanya, na wajukuu hunizunguka.

Mkusanyaji wa Ganjoni

Nimemsoma fundi mara mbili. La vipuri nakubali, yangu ilikaa nje ya nchi muda mrefu iliposafishwa na bili ilikuwa nzito. Naijua gharama hiyo na bado naiona inafaa, kwangu mimi ninayependa saa. Kwa mzee asiyezipenda, siwezi kumbishia fundi.

Binti wa Kisauni

Shukran sana nyote, na fundi na baharia khasa, mmenipa maneno niliyokuwa nayakosa. Nimempelekea kaka. Ameguswa na lile la mtu wa pensheni kuificha saa kabatini, maana anamjua baba.

Lakini amerudi na hoja nyengine. Kuna mtu huko anauza saa ya Uswizi iliyotumika, jina kubwa, kwa kama laki mbili na nusu za kwetu, na anasema saa za namna hiyo hazishuki bei, ni kama kuweka akiba: baba akiihitaji pesa atauza. Amenitumia picha, akrabu ya sekunde inateleza, hairuki. Anasema hiyo ndiyo dalili ya saa halisi. Fundi, ni kweli?

Fundi wa Veranda

Si kweli, mwanangu, tena mwambie kaka asitoe pesa kabla hajasoma haya.

Akrabu kuteleza ilikuwa dalili zamani, bandia zilipokuwa za betri zikiruka sekunde moja moja. Siku hizi saa bandia nazo zina mashine ya springi inayopiga mara 8 kwa sekunde, na akrabu yake inateleza vizuri tu. Ziko mbaya zaidi ya bandia: zilizounganishwa. Kasha la asili, uso wa kupakwa upya, mashine ya saa nyengine, bangili ya Mungu ajuaye wapi. Hiyo kwa picha haijulikani. Inajulikana ikifunguliwa nyuma, mbele ya fundi, chini ya lenzi, na namba za kasha zikalinganishwa na karatasi zake. Muuzaji anayekataa ifunguliwe amekwisha kujibu. Na jina kubwa kwa laki mbili na nusu, ikiwa ni jina ninalolidhani, bei hiyo yenyewe inatia shaka, maana halisi iliyotumika ya watu hao haishuki huko.

Kuhusu akiba. Ziko saa chache sana, za majina machache, ambazo bei yake ya mkono wa pili hupita ya dukani. Zilipanda kwa kasi miaka ya korona, watu wakakopa wakanunua, na kuanzia 2022 soko likashuka. Waliochelewa kuingia ndio walioumia. Zilizobaki, yaani nyingi mno, hupoteza sehemu kubwa ya bei siku zinapotoka dukani. Pia hilo la kuuza: mzee akipatwa na maradhi usiku wa leo, anamuuzia nani Mombasa hii? Sonara atampimia dhahabu, na hiyo haina dhahabu. Wa mnada atampa thuluthi. Mkitaka kumwekea akiba, wekeni pesa kwa jina lake kwenye sako yake ya bandarini, ataichukua kwa saini. Saa wacheni iwe saa.

Kaka aende duka la wakala halali huko huko Doha, achukue ile ya chuma yenye siku kwa Kiarabu, aombe kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri na tarehe, na asikubali kukatiwa bangili dukani bila ya kujua kipimo cha mkono. Vipande vinavyotolewa aje navyo katika kifuko, mkono wa mtu hubadilika na umri.

Mkishampa, njooni naye siku yoyote isipokuwa Ijumaa baada ya adhuhuri. Nitaipima mwendo, nitaitazama mipira yake na kumtoshea bangili akiwa amekaa hapo. Kutoa pini ni kazi ya dakika chache, hiyo sitozi.